Kabla ya kupaka kengele rangi, pandeni mnarani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wazee wa kanisa wenzangu wa huku Rungwe, na wa nyanda za juu kwa jumla.

Usharika mmoja jirani yetu ulikuwa unajiandaa kwa jubilei. Mnara ukapigwa plasta, ukapakwa rangi, ukapendeza. Rangi ya dhahabu ikabaki nusu kopo, na mtu mwenye nia njema kabisa akamtuma kijana wa rangi apande akaimalizie kwenye kengele. Aliposhuka nilimuuliza huko juu kukoje. Akaniambia: popo wamejaa, nati mbili unazizungusha kwa vidole, na pale ulimi unapogonga pamechimbika, dole gumba linaingia. Nikamuuliza kama amewaeleza wazee. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Huyo ndiye mtu wa kwanza kupanda pale kwa miaka mingi.

Nilipiga kengele ujana wangu wote: ya Jumamosi jioni, ya kwanza na ya pili Jumapili, na ile ya msiba ya polepole. Kwa hiyo mniruhusu. Jambo la kwanza ni kujua kengele yenu imetengenezwa kwa madini gani. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu, panda nayo. Ikinasa, hiyo ni feleji, yaani aina ya chuma kigumu. Ujerumani, katika mji wa Bochum, walianza kutengeneza kengele za feleji katikati ya karne ya 19, na kwa kuwa zilikuwa nafuu zilisafiri mbali. Hebu someni maandishi yaliyo kwenye mwili wa yenu, maana wamisheni wa Kijerumani walifika huku 1891. Feleji inakula kutu, na kwa mvua zetu hizi hiyo kweli inahitaji rangi, ila si pale ulimi unapogonga. Sumaku isiponasa, basi ni shaba iliyochanganywa na bati (si hili la kuezekea), kwa kawaida shaba kama asilimia 78 na bati 22. Ukijani mnaouona juu yake ni ngozi yake, unaikinga. Msiusugue kwa msasa, msiupake dhahabu.

Hilo shimo la dole gumba ndilo linalonikosesha usingizi. Ulimi ukigonga mahali pamoja miaka nenda rudi, mdomo wa kengele unakonda hapo hapo, na siku moja unapasuka. Dawa yake inajulikana: kengele inafunguliwa pale iliponing'inia, inageuzwa robo mzunguko, ulimi unaanza kugonga mahali papya. Hata Big Ben, ile kengele kubwa ya mnara wa saa wa London, ilipasuka mwaka 1859, miezi michache tu baada ya kuanza kulia. Waliigeuza kidogo, wakaiwekea nyundo nyepesi zaidi, na mpaka leo inalia na ufa wake.

Sisi tunafanya kinyume. Kamba ikikatika, mtu anafunga kipande cha manila kwenye ulimi wenyewe na kuuvuta, ulimi unang'ang'ania kwenye mdomo badala ya kugonga na kuachia. Kengele inataka kuachiwa ili itetemeke. Ukiibana huku inalia, unaiomba ipasuke. Au vijana wanatumwa na nyundo ya seremala. Nyundo! Na ufa ukitokea anaitwa fundi wa kuchomelea mageti. Shaba ya kengele haichomelewi namna hiyo: moto wa mahali pamoja unaongeza ufa. Heri iache kulia mpaka apatikane anayeijua kazi hiyo.

Mengine ni madogo. Wavu kwenye madirisha ya mnara, maana mavi ya popo yanakula chuma na mbao. Grisi kwenye beringi. Mchwa kwenye boriti. Nati zikazwe kiangazi, mbao zikiwa zimesinyaa. Ukikaza wakati wa masika, mbao zimevimba, utajidanganya.

Mtaa wetu mmoja bado unagonga rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi, nami rimu ile naiheshimu. Ikipasuka tutapata nyingine kwa wauza vyuma chakavu, hata Uyole. Kengele ya wamisheni ikipasuka tunaagiza ng'ambo, au tunafunga spika.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo kuliko kopo la rangi. Kila baraza la wazee liteue mtu mmoja na kumpa daftari. Apande kila mwaka kabla ya mvua, aandike alichokiona, na kikao kimsikilize. Yule kijana wa rangi angefaa sana kwa majirani zetu. Mimi magoti hayanipandishi tena ngazi, lakini kumshikia tochi chini naweza.

Mzee wa kanisa mstaafu,
Tukuyu, Rungwe