Barua kwa mwanangu: kesi iliyoondolewa na cheti cha tabia njema

Lamu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeupata, kwamba hoteli ya Watamu inataka gudi kondakti, yaani cheti cha tabia njema cha polisi, na chuo cha Marekani nacho kimeleta fomu ya maswali, na wewe hujui lile jambo la kushikwa ulitaje au ulinyamazie. Kila fomu ina swali lake, kwa hivyo jibu si moja. Lakini kabla ya fomu yoyote, kuna karatasi ya mahakama ambayo ni lazima uwe nayo mkononi.

Mtu akishikwa huandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Akiachiwa pale pale bila kushtakiwa wala kuchukuliwa alama za vidole, kwa kawaida mambo huishia kwenye kitabu hicho. Cheti hakitolewi kwa kupekua OB za vituo; vidole vyako hulinganishwa na kumbukumbu zilizoko makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, barabara ya Kiambu, Nairobi. Wewe ulifikishwa kortini na vidole vikachukuliwa. Sasa hapo ndipo wengi hukwama: kesi imekwisha, faili limerudi kabatini, na hakuna aliyepeleka matokeo kule vidole vilikopelekwa. Kwa Nairobi, mtu huyo bado ana kesi.

Basi nenda masjala ya mahakama hapo Malindi. Namba ya kesi iko kwenye hati ya mashtaka na kwenye risiti ya dhamana (na pesa za dhamana kama hujarudishiwa, zidai papo hapo). Omba nakala ya uamuzi iliyoidhinishwa, yenye muhuri na sahihi, kisha angalia kifungu kilichotajwa. Chako ni 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai: upande wa mashtaka uliondoa kesi kabla hujaitwa kujitetea. Umeachiwa na huna hatia, ila sheria haiwazuii kukushtaki tena kwa jambo lile lile. Hilo halilingani na kifungu 202, mlalamishi asipofika kortini, wala 210, hakimu akiona huna kesi ya kujibu, wala 215, ukishinda baada ya kusikizwa pande zote. Hivyo vitatu ni kuachiliwa huru moja kwa moja. Kwa hivyo usimwambie mtu kwamba ulishinda kesi. Sema iliondolewa, umpe nakala aisome mwenyewe.

Wenzako waliokiri siku ile ile, wakalipa faini ndogo wakaenda zao, walikuona mjinga kwa kukataa. Wao ndio walio pabaya. Kukiri mbele ya hakimu ni kupatikana na hatia, hata faini iwe ya shilingi mia tano, na wengi hawalijui hilo mpaka siku ya kuomba kazi.

Ukishapata nakala, ipeleke kwa ofisi ya DCI iliyochunguza kesi pamoja na barua fupi ya kuomba matokeo yapelekwe Nairobi. Nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikuzungusha, andika tena, na safari hii utaje Katiba, ibara ya 35(2), inayokupa haki ya kusahihishiwa habari isiyo kweli au ya kupotosha inayokuathiri, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Maneno ya mdomo kaunta hayaachi alama.

Cheti chenyewe huombwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, shilingi 1,050. Fomu ya vidole, C24, ichapishwe pande mbili za karatasi moja. Vijana wa saiba hupenda kutoa karatasi mbili, nawe utarudishwa. Chukua kitambulisho halisi na nakala yake. Na vidole vyako uviangalie: mtu anayeshika chokaa au kuvuta kamba za jahazi ngozi yake hulika, mistari ikafifia, na wino ukizidi mistari huziba. Siku chache kabla ya kwenda usishike chokaa, jipake mafuta usiku, asubuhi unawe na ukaushe mikono vizuri. Cheti hutumika mwaka mmoja, kwa hivyo usikiwahi mno.

Kwenye fomu ya hoteli, soma kitenzi. Wakiuliza kama umewahi kuhukumiwa, jibu ni la, na ni la kweli. Wakiuliza kama umewahi kushtakiwa, jibu ni ndiyo, na mstari mmoja: kesi namba fulani, iliondolewa chini ya 87(a). Usiandike kisa kizima, maana maelezo marefu huzaa maswali marefu. Katiba inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe, lakini meneja mwenye wasiwasi hatulizwi na Katiba, hutulizwa na muhuri.

Kuhusu masomo, KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo hapa Kenya, hutazama alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari; mambo ya polisi hayamo. Common App, fomu inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, iliondoa swali la makosa ya jinai mwaka 2019, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuuliza katika sehemu yake. Penye uzito ni viza. Fomu ya DS-160 inauliza kama umewahi kukamatwa au kuhukumiwa, hata kama ulisamehewa. Kukamatwa peke yake kunatosha kujibu ndiyo. Ukijibu ndiyo ukaonyesha uamuzi wa mahakama, utaulizwa na utaeleza. Ukijibu la ikagundulika, huo ni udanganyifu, na waweza kufungiwa Marekani maisha yako yote kwa jambo ambalo lenyewe lisingekufungia.

Nakala ikitoka, piga picha kurasa zote, muhuri uonekane, unitumie niisome kabla hujalipa eCitizen.

Mamako