Udongo hauna madaraja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mjukuu wangu yuko darasa la sita hapa Dodoma. Alhamisi ya wiki iliyopita alirudi na daftari la Kiswahili limejaa kalamu nyekundu. Zoezi lilisema: "Tumia neno tabaka na visawe vyake vitatu katika sentensi." Sentensi yake ya mwisho ilikuwa, "Bibi alikwangua ukoko akampa paka." Hiyo ikapigwa mkasi, pembeni pakaandikwa "si kisawe". Ya kwanza, ambayo najua alinakili ubaoni, ilisema, "Udongo una madaraja matatu." Hiyo imepata vema, tena kubwa inayofika mstari wa pili.

Nimefundisha Kiswahili miaka 31, kwa hiyo nimpe mwalimu haki yake. Ukoko si kisawe cha tabaka. (Na kuhusu paka mtoto amenisingizia. Ukoko wa nyumba ile naula mimi.) Kinachonikera ni hayo madaraja. Daraja la mtumishi nalijua, nimelingoja kupandishwa hadi nywele zikaota mvi. Daraja la kuvukia korongo nalijua. Daraja la udongo sijapata kuliona, na kila nikisoma sentensi ile naona basi likipita juu yake.

Najua lilikotoka. Kuna orodha imezoeleka: tabaka, daraja, ngazi, kundi. Kwa watu orodha hiyo haina neno. Sisi tuliosoma miaka ya baada ya Azimio la Arusha, 1967, tulilishwa tabaka la makabwela na tabaka la mabwanyenye asubuhi na jioni, na hapo ukiweka daraja unaeleweka. Lakini neno lenyewe lilipotoka kwenye Kiarabu lilikuwa na maana ya vitu vinavyolaliana, kimoja juu ya kingine. Maana hiyo ya vitu, visawe vinavyofaa kwa watu haviiwezi.

Mwaka jana tulichimba kisima uani kwangu, Mkonze. Mashine inapuliza udongo nje, na kijana mmoja kazi yake ni kuukinga na kuumwaga pembeni, fungu moja kwa kila mita, mstari mmoja mnyoofu kama nyanya za soko la Majengo. Mjukuu alimfuata nyuma kutwa nzima akiuliza, "Na hili?" Mafungu ya mwanzo yalikuwa kichanga chekundu, kile kinachotuingia hadi kwenye mashuka. Kisha mfinyanzi, ulionata kwenye kandambili za mtoto hadi akaziacha palepale. Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba mji huu ulipata jina kwa tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia kwenye tope: idodomya, yaani amezama. Tembo yule hakuzama kwenye daraja.

Baada ya mfinyanzi yakaja mafungu yenye vibonge vyeupe, fundi akayaita chokaa. Chini ya hapo, kwa mita nyingi, ukatoka mwamba uliooza. Jina hilo sikuwahi kulisikia darasani. Ni mawe ya itale, yaani graniti, yaliyolegea kwa kukaa na maji miaka na miaka. Ukiyaminya yanamomonyoka mkononi, na vipande vya ulanga vinabaki vinametameta kwenye viganja. Mtoto alijipaka usoni. Tulipofika mita 58 mashine ikabadili sauti, ikaanza kulia kama inasaga chuma, fundi akasema, "Hapa sasa mama ni mwamba mzima." Maji tulikuwa tumeyapata juu kidogo ya hapo, mahali mwamba uliooza unapokutana na mzima, na ndivyo ilivyo kwa visima vingi vya huku kwetu, kwa sababu itale nzima haishiki maji ila iwe na ufa. Yana chumvi kidogo. Chai yake unazoea.

Siku ile nzima fundi alitamka neno tabaka mara moja tu, wakati ananawa: "Matabaka ya kwako yamepangika vizuri." Kila kitu alikuwa amekiita kwa jina lake, na alipotaka kuvitaja vyote kwa pamoja ndipo akahitaji neno la jumla. Mtoto hakulikuta hilo ubaoni, na hata mimi katika miaka yangu 31 sikulisema hivyo. Niliandika orodha ileile.

Sasa nikugeukie wewe Mhariri, maana gazeti lako halijapona. Wiki mbili zilizopita mliandika kuhusu barabara iliyoharibika, mkasema "tabaka la chini limesombwa na mvua". Ukurasa uleule, safu ya pili, "wananchi wa tabaka la chini" walikuwa wanalalamikia bei ya maji. Ilinibidi nirudie kusoma nijue nani kasombwa. Kilichosombwa barabarani ni kifusi, na kila dereva wa lori la mchanga anakiita hivyo. Mkiandika habari za nyumba, chini kuna msingi, na juu ya msingi, kabla ya kuta, kuna jamvi, lile zege unalolikanyaga kila siku bila kuliona kwa sababu ya vigae. Fundi hawezi kukuelewa ukimwambia tabaka la chini limepasuka. Atakuuliza, "Msingi au jamvi?" kwa sababu gharama zake hazilingani hata kidogo.

Na katika toleo hilohilo mmoja wenu aliandika "matabaka ya chini ya mgogoro huu wa shamba". Mgogoro una chanzo, una kiini, una chimbuko, na kama mwandishi ni mtu wa ushairi anaweza kutuambia dhahiri yake na batini yake, yaani kinachoonekana na kilichofichika. Ukienda kwa wazee ukawauliza tabaka la chini la ugomvi wao watadhani umetumwa na mtu wa kupima ardhi, na hapo ugomvi utaanza upya.

Mimi ni mzaliwa wa Kondoa. Utoto wetu tulicheza ndani ya makorongo, kabla mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, haujaanza mwaka 1973 na kabla mifugo haijaondolewa kule mwaka 1979, ardhi ikapumua. Ukuta wa korongo unakuonyesha kila kitu kwa rangi yake, jeusi, jekundu, jeupe lenye changarawe, na sisi watoto tulichagua tabaka la kukwarua udongo wa kuchezea. Hata kwenye miamba ya Kolo, kulekule Kondoa, kuna michoro myeupe iliyopakwa juu ya ile myekundu ya zamani zaidi, na huhitaji mtaalamu kukwambia ipi ilitangulia. Mtoto aliyeona hivyo hapungukiwi na sentensi.

Jumapili nilikaa na mjukuu mezani tukaandika upya. Madaraja tumeyafuta. Ameandika kwamba mtungi ukitulia mashapo yanakaa kitakoni, na kwamba fundi alipita matabaka manne kabla ya kufika mwamba mzima. Ukoko alikataa kuufuta. Kausogeza tu: "Ukoko ni tabaka la wali lililoshika sufuria." Nikamwambia hapo sina la kuongeza. Paka pia amebaki, kwenye sentensi ya pili, na sikubishana.

Daftari limerudi shuleni Jumatatu. Leo Ijumaa bado halijasahihishwa.

Mwalimu mstaafu,
Mkonze, Dodoma