Dada, kuhusu ile dawa ya shemeji

Leicester, Jumapili usiku

Dada shikamoo. Mama mfikishie shikamoo yangu na watoto wasalimie wote. Mi mzima, baridi tu na hizi shifti za usiku ndo zinanichosha.

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unataka nimtafutie shemeji dawa za kuachia sigara, zile plasta za kubandika mkononi. Zipo, zinauzwa mpaka supamaketi na zinasaidia watu wengi tu, sitaki kukudanganya. Ila kabla sijatuma naomba ajaribu kwanza kavukavu kama nilivyofanya mimi, maana naingia mwezi wa 7 sasa sijagusa hata moja na sikumeza wala kubandika kitu.

Kitu kikubwa mwambie hivi, arosto, ile hamu kali ya kuvuta, haikai. Watu tunadhani ikishakushika haitoki mpaka uvute, sio kweli, inapanda dakika 3 mpaka 5 hivi alafu inashuka yenyewe uvute usivute. Mi kazini nilikuwa naikodolea macho saa ya ukutani tu. Na nikotini yenyewe ndani ya siku 3 hivi inakuwa imeshatoka mwilini, ndo maana hizo siku 3 za mwanzo ndo balaa, alafu wiki 3 au 4 zinazofuata inazidi kupungua. Siku ya pili nilimfokea jamaa nnayekaa naye kisa sufuria, usiku sipati usingizi, nikipata naota mambo ya ajabu, kichwa kizito, choo nacho kikagoma (mapapai yasikose hapo nyumbani). Sasa shemeji anashika usukani, asianze Jumatatu asubuhi na daladala la watu na foleni ya Mbagala na konda anapiga kelele mlangoni, aanze siku ambazo hana gari zimkutie nyumbani, na akikufokea dada yangu mvumilie, hayo maneno ni ya arosto sio ya mumeo.

Kahawa pia apunguze. Hili wengi hawalijui, moshi wa sigara unafanya ini limalize kahawa haraka, ukiacha sigara vikombe vilevile vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, unatetemeka moyo unakwenda mbio unadhani ni arosto kumbe ni kahawa. Vitatu vya kijiweni awe na kimoja na kashata yake.

Alafu ile "moja tu". Siku ya 9 nilitia mkono kwenye mfuko wa koti la zamani nikakuta sigara moja, imepinda katikati, tumbaku imeanza kumwagika. Nilikaa nayo kwenye ngazi, nikainusa, nikaizungusha vidoleni, nikajiambia moja tu itaniua? Dada, mara ya kwanza kuacha, mwaka juzi, nilirudi kwa moja kama hiyo na kabla wiki haijaisha nilikuwa kwenye pakiti. Nikaenda nikaifungulia bomba mpaka ikawa uji. Mikono ilikuwa inatetemeka sikufichi.

Najua shemeji anajiona havuti sana kwasababu ananunua moja moja kwa mangi. Siku moja tu azihesabu, asubuhi kabla ya chai, stendi, baada ya kula, usiku nje. Huku pakiti ya 20 imepita pauni 15 kwahiyo hesabu inakuuma yenyewe, hapo nyumbani inajificha kwenye chenji. Na yule mdogo mwenye pumu, najua baba yake anatoka nje kuvuta, ila moshi anarudi nao kwenye shati na mtoto anakimbilia kupakatwa. Mimi hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Akikohoa zaidi wiki za mwanzo msiogope, mapafu yanajisafisha, ila akitoa damu au kifua kikimbana mpeleke hospitali hapohapo msisubiri. Na akijaribu kweli ikashindikana plasta nitatuma, wala asione aibu.

Stendi ndo patamsumbua, akiwa anasubiri zamu na yule kijana wa karanga na sigara anapita anachezesha sarafu zake mkononi. Asimwite. Anibipu tu, hata kama nimelala nitampigia, tutabishana Simba na Yanga mpaka hizo dakika 5 zipite.

Mdogo wako