Kichomeo kisichokubali kupungua, na pini inayokiharibu

Mteja mmoja alituletea kichomeo cha mafuta ya taa kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, akakitua mezani na kusema, "Fundi, hiki kinajua jambo moja tu, kuwaka kwa nguvu zote. Nikikipunguza kinatoa moshi, nikikiacha kinaunguza." Tulifungua nozeli, kile kichwa chenye tundu dogo la kutolea mvuke wa mafuta, tukaitazama kwenye mwanga. Tundu lilikuwapo, ila halikuwa duara tena. Lilikuwa limevutika upande mmoja kama tundu la kifungo. Tukamuuliza huwa anazibulia nini. Akacheka, akaipapasa kola ya shati na kuchomoa pini.

Wateja wengi hutuletea malalamiko mawili na kuyahesabu kuwa mbalimbali: moto haupungui, na nozeli inaziba kila mara. Kwa uzoefu wetu, mara nyingi ugonjwa ni mmoja, nao umeanzia kwa aliyekichora kichomeo kabla hata hujakinunua.

Mafuta hayaungui yakiwa majimaji, kinachoungua ni mvuke wake. Kwenye kichomeo cha presha, mafuta husukumwa kutoka kwenye tangi, hupanda kwenye bomba lililopashwa na moto wenyewe, hugeuka mvuke, kisha hutoka kwa kasi kupitia tundu dogo sana na kuvuta hewa njiani. Mswidi Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko la mafuta ya taa la namna hii mwaka 1892, likauzwa kwa jina la Primus, na hadi leo majiko mengi ya pampu yanafuata njia ileile. Jiko lile halikuwa na vali ya moto, yaani kitasa cha kubana na kufungulia mafuta. Ukitaka moto mkubwa unapampu, ukitaka mdogo unalegeza skrubu na kutoa hewa kwenye tangi.

Tatizo la kupunguza moto kwa presha ni kwamba presha na moto haviendi sambamba. Ili mafuta yanayopita yapungue kwa nusu, presha inabidi ishuke hadi karibu robo. Kwa hiyo unalegeza skrubu, moto hautikisiki, unalegeza tena, mara unakaribia kuzimika. Zaidi ya hapo, moto mdogo haulipashi bomba joto la kutosha. Mafuta ya taa hayachemki kwenye nyuzi moja ya joto kama maji. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye kama nyuzi 150 za Selsiasi, nzito zinasubiri hadi karibu 300. Bomba likipoa, zile nzito zinafika kwenye nozeli zikiwa bado matone. Hapo ndipo moto unapoanza kuhema, unakuwa wa njano na kutoa masizi.

Basi weka vali, utasema. Sawa, lakini uiweke wapi?

Ukiiweka juu, kwenye nozeli penyewe, moto unakutii papo hapo, kwa sababu unaubana mvuke mlangoni. Lakini pale ndipo penye joto kali, na mafuta yanayopikwa sana huacha ukoko mweusi mgumu kama ule wa chini ya sufuria. Ukoko ukiota kwenye ncha ya vali, haifungi vizuri. Ukiikaza kwa nguvu, inachimba kiti chake, pale ncha inapokaa ikifungwa, na kuanzia siku hiyo haifungi kabisa. Ukiiweka chini, kwenye upande wa baridi kabla ya bomba, inabaki safi kwa miaka, ila moto unachelewa. Unazungusha kitasa, na mafuta yaliyokwisha kuingia bombani yanaendelea kuchemka na kutoka kana kwamba hujafanya kitu.

Sisi tulichagua upande wa baridi, kisha tukapambana na kule kuchelewa. Bomba letu ni fupi na jembamba, na ndani yake tumepitisha kipande cha waya wa chuma wa kusuka, ule wa nyuzi nyingi kama wa breki. Waya unajaza sehemu kubwa ya nafasi, hivyo mafuta yanayongoja mle ni machache na kitasa kinajibu ndani ya sekunde chache. Waya huohuo unaongeza eneo la chuma cha moto linalogusana na mafuta, na ukoko mwingi unaushika wenyewe badala ya kusafiri hadi kwenye nozeli. Kwa watakaotumia dizeli tunarefusha bomba kidogo, kwa kuwa dizeli ni nzito zaidi, na tunawaambia mapema kwamba kitasa chao kitachelewa kidogo kujibu.

Ncha ya vali tunaichonga ndefu na nyembamba. Ncha butu inafungua mlango wote kwa robo mzunguko, halafu mteja anadhani mkono wake ndio wenye kasoro. Ncha ndefu inakupa mizunguko miwili mizima kati ya moto mdogo na mkubwa. Ubaya wake ni kwamba haipendi ubabe: funga kwa vidole viwili, usitumie koleo.

Bomba lenyewe ni la chuma kisichoshika kutu. Tuliwahi kutumia shaba nyekundu, maana inapinda kirahisi na inapitisha joto vizuri, lakini shaba nyekundu huchochea mafuta yenye moto kuganda na kuacha utomvu. Na mtu asikuunganishie sehemu hiyo kwa risasi ya kawaida ya kuchomelea redio. Ile inayeyuka kabla ya nyuzi 250, na bomba linapita hapo bila shida.

Kusafisha, basi. Acha kichomeo kipoe kabisa, toa presha yote kwenye tangi, kisha fungua nozeli kwa spana. Ushike mwisho wa waya kwa koleo na uuvute taratibu. Mara ya kwanza utashangaa: unatoka mweusi, mkavu, na vipande vya ukoko vinaanguka mezani kama maganda. Ukwangue kwa brashi ya chuma, uufute, uurudishe, uuvute tena. Waya unapopita unalikwangua bomba kwa ndani, ndiyo maana bomba letu halina kona hata moja. Rudia mpaka utoke na vumbi tu. Kisha malizia kwa kusukuma mafuta kidogo yapite ndani ya kopo, mbali na moto wowote, kabla ya kurudisha nozeli.

Tundu la nozeli usiliguse kwa pini. Twende kwenye hesabu: tundu la milimita 0.3 likipanuka hadi 0.35, jicho halioni tofauti, lakini eneo lake limeongezeka kwa asilimia 36. Mafuta yameongezeka, njia ya hewa ni ileile. Hakuna kitasa kitakachotibu hilo. Ndani ya nozeli zetu ndogo mna kisindano cha kipimo sahihi kilichopandwa juu ya kipande kizito. Kichomeo kikiwa kimezimwa na kupoa, ukikitikisa juu chini, kisindano kinapenya tunduni na kulizibua kutoka ndani, bila kulipanua.

Kwa wanaotuulizia mafuta machafu ya injini, jibu letu ni kwamba usiyapitishe kwenye tundu dogo hata kidogo. Kuna mpango wa Mmarekani Robert Babington ambao tunaupenda sana: mafuta yanamwagika juu ya mpira wa chuma ulio wazi ndani, na tundu lililoko kwenye mpira huo linapitisha hewa peke yake. Hewa inapasua utando wa mafuta kuwa ukungu, yanayobaki yanateremka na kurudi kwenye tangi. Uchafu haupati pa kuziba. Unahitaji kompresa, na mafuta mazito lazima yapashwe kwanza yalegee.

Petroli kwenye kichomeo cha mafuta ya taa, hapana, hata kwa kujaribu. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapite nyuzi 38 hivi, petroli inautoa hata kwenye baridi ya barafu.

Yule mteja tulimbadilishia nozeli tu, kwa kuwa vali yake ilikuwa nzima. Nawe ukituletea chako, kimwage mafuta kwanza na ukiache kifuniko wazi usiku kucha, nje, penye hewa.