Matumbawe ya bara huuawa na maji ya kuongezea, si kwa kukosa dawa

Kwa Mhariri,

Wanaofuga matumbawe nyumbani hapa Nakuru, Kisumu na Kakamega ni wachache, lakini malalamiko yao yanafanana. Tumbawe lilinunuliwa likiwa zuri, likakaa miezi miwili mitatu, kisha ncha zikawa nyeupe na nyama ikaanza kuambuka kutoka shinani. Muuzaji akashauri dawa. Chupa ya kwanza ni ya ayodini, ya pili ya virutubisho, ya tatu ya bakteria, na tumbawe linazidi kwisha. Sisi tunaohudumia matangi haya tunaomba chupa ziwekwe kando. Huku bara mshukiwa wa kwanza ni maji ya kuongezea, yale yanayotiwa kila siku kufidia yaliyokauka.

Hebu tupige hesabu. Tangi la lita 200 lililo wazi juu hupoteza takriban lita 2 kwa siku. Maji hupaa, madini hubaki. Kwa hiyo chochote kilichomo katika zile lita 2 unazoongeza hubaki tangini mpaka kiliwe na viumbe au ubadilishe maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina bikaboneti ya sodiamu kwa wingi, kalsiamu kidogo, na floridi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisivukwe katika maji ya kunywa. Chukua kisima chenye alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kwa dKH, ya 15 dKH. Lita 2 zake hupandisha tangi kwa 0.15 dKH kila siku, yaani 4.5 kwa mwezi. Kama ulianza na 8 na matumbawe yako ni machache, sasa uko 12. Floridi nayo ikiwa miligramu 5 kwa lita, mwezi huo huo umeongeza miligramu 1.5 katika kila lita ya tangi, ilhali maji ya bahari kwa asili yana kama 1.3 tu.

Alama ya tatizo hili ni alkaliniti kuwa juu huku kalsiamu ikiwa chini ya miligramu 400 kwa lita. Mwenye tangi akiona kalsiamu imeshuka, anamimina kloridi ya kalsiamu. Ikikutana na alkaliniti ya 12 huganda kuwa chokaa kwenye hita na ndani ya pampu, na vipimo vyote viwili huporomoka pamoja. Hapo ndipo Acropora, tumbawe la mawe lenye matawi, huvuliwa ngozi usiku mmoja. Tumbawe huvumilia alkaliniti ya 7, huvumilia na 11. Kinachoiua ile nyama laini ni kurushwa kutoka moja hadi nyingine ndani ya siku chache.

Wengine hapa Nakuru hutumia maji yaliyopitishwa kwenye mkaa wa mifupa ili kupunguza floridi. Kwa meno ya watoto ni jambo jema. Kwa tangi la matumbawe, kumbuka mfupa ni fosfati ya kalsiamu, na chujio hilo linaweza kuachia fosfati. Tunataka fosfati kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita. Ikizidi sana, mwani wa kijani hufunika mawe na mifupa ya matumbawe hukua kwa shida.

Kisumu tatizo ni jingine: maji ya bomba yana klorini, na mvua ikinyesha huja na matope. Kakamega na Vihiga watu husifu maji ya mvua kwa kuwa mita ya TDS huonyesha namba ndogo. Mita hiyo hupima jumla ya vilivyoyeyuka, haijui ni nini. Maji yaliyoteremka kwenye mabati yanaweza kubeba zinki, na zinki kidogo tu hudhuru kamba, konokono na matumbawe. Namba ndogo kwenye mita isikudanganye.

Dawa ya haya yote ni chujio la RO, linalosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia madini, lenye resini mwishoni ya kunasa yaliyobaki, na maji yanayotoka yasome TDS 0. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Utando wa RO unahitaji msukumo wa psi (kipimo cha msukumo wa maji) 50 hadi 60. Nyumba nyingi huku hupata maji kutoka kwa tangi la plastiki lililo juu ya paa, na kila mita 10 za kimo hutoa psi 14 tu. Chujio likifungwa hapo bila pampu ya kuongeza msukumo, maji hutoka kwa matone, machafu, na resini huisha mapema. Jipime hivi: kama maji yanaingia yakisoma 300, baada ya utando yasome 6 hadi 10. Yakisoma 30, ama msukumo ni mdogo, ama utando umekufa. Mara nyingi uliuawa na klorini, kwa sababu mkaa wa kunasa klorini ulio kabla ya utando haukubadilishwa. Resini ibadilishwe mara maji ya mwisho yanapoanza kusoma 1. Maji ya mitungi ya lita 20 yanayouzwa madukani usiyaamini kabla ya kuyapima, kwani mengine huongezwa madini ili yawe na ladha.

Ukishapata maji safi, usikimbilie kurekebisha namba. Alkaliniti ikiwa 12, badilisha lita 20 katika zile 200 kwa maji mapya ya chumvi yenye 8. Itashuka kwa 0.4 tu, na hiyo ndiyo kasi nzuri. Rudia baada ya siku mbili tatu. Usitumie siki wala asidi yoyote. Ikiwa iko chini, gramu 3 za bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuokea, hupandisha lita 100 kwa 1 dKH. Iyeyushe kwanza katika maji ya RO, uitie polepole mbele ya pampu, na usivuke 1 dKH kwa siku. Magadi ya kupikia maharagwe hayafai hata kidogo: yana kaboneti kali, tena yana floridi. Na kwa wale wanaouliza kama chumvi ya maziwa yetu ya magadi, Nakuru au Elementaita, inaweza kufanya kazi ya chumvi ya bahari, jibu ni hapana. Chumvi hiyo ni ya kaboneti, ya bahari ni ya kloridi yenye magnesiamu na kalsiamu kwa uwiano wake. Chumvi ya mezani pia haina uwiano huo.

Kuchanganya: kama gramu 720 za chumvi ya matumbawe kwa lita 20, chumvi itiwe ndani ya maji, si maji juu ya chumvi, na pampu izunguke usiku kucha. Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, au 1.026 kwenye kipimo cha uzito. Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, isawazishwe kwa kimiminika maalumu cha 35. Ukiisawazisha kwa maji matupu tu inaweza kusoma sawa kwenye sifuri na kudanganya kule juu, mahali unapoihitaji.

Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Nakuru usiku ni baridi, kwa hiyo hita ni lazima. Kisumu mchana ni feni juu ya maji, nayo huongeza ukaukaji, na tunarudi kwenye maji ya kuongezea: ukiwasha feni, pima upya unaongeza lita ngapi.

Stima ikipotea, Nakuru ina hasara zaidi ya Mombasa. Kwa mwinuko wa mita 1,850 hivi, maji ya chumvi ya nyuzi 25 hushika kama miligramu 5.4 za oksijeni kwa lita, wakati pwani hushika karibu 6.7. Samaki na matumbawe huimaliza haraka usiku. Betri iendeshe pampu ya mzunguko kwanza. Taa inaweza kungoja hata siku mbili.

Kabla ya yote haya, tazama. Tumbawe moja tu likiumwa na mengine yako sawa, si maji: tafuta minyoo bapa au mayai shinani, au jirani anayeuma, maana tumbawe la Galaxea hutoa mikono mirefu usiku. Yaliyo juu tu yakipauka, ni mwanga. Shusha taa mpya ya LED hadi nusu na uipandishe kidogo kila wiki. Yakigeuka kahawia yote, nitrati imezidi au mwanga ni hafifu. Yote yakijifunga saa moja, ni sumu au chumvi, na hapo uliza kwanza nani amepuliza dawa ya mbu. Dawa nyingi za mbu ni za jamii ya pairetroidi, na kamba hufa kabla ya matumbawe. Weka mkaa mpya, badilisha robo ya maji, na bomba la pampu ya hewa livute hewa kutoka nje ya chumba.

Ombi letu kwa wauzaji ni dogo. Kila mfuko wa tumbawe uandikwe kiwango cha chumvi na alkaliniti ya maji yake, ili mnunuzi ajue anatoka wapi kwenda wapi. Na kwa kuwa matumbawe ya mawe yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, mnunuzi aonyeshwe karatasi za mahali yalikotoka bila kuzililia.

Mafundi wa matangi ya maji ya chumvi,
Nakuru.