Mwanangu, chupa ya kwanza usiitumie kuhesabu seli

Mwanangu Neema,

Marahaba. Majibu uliyonitumia yameninyima usingizi. Inakuwaje watu wasio na tatizo la moyo wawe na seli za utando wa ndani wa mishipa zinazoelea kwenye damu karibu sawa na waliopata shambulio la moyo? Naona kosa la uchukuaji damu hapo. Sindano inapopenya mshipa wa mkono hukwangua utando wa ndani, na seli hizo huingia moja kwa moja kwenye chupa. Mtu mwenye afya ana chache mno katika mililita moja, kwa hiyo kumi za kukwanguliwa zinatosha kumfanya aonekane mgonjwa.

Chupa ya kwanza ipeleke kwenye kipimo cha troponini, protini inayoonyesha moyo umeumia, au uimwage. Ya pili ndiyo ya seli. Usichokoechokoe kutafuta mshipa. Ukiukosa, hamia mkono mwingine na uanze upya, chupa ya kwanza tena pembeni.

Fomu zako ni safi, hilo nakusifu. Saa ya dawa na saa ya damu umeziandika zote, na kwa wagonjwa hawa ni lazima, maana heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda wanayopewa mapema, huzuia PCR, kile kipimo cha kuzidisha nakala za vinasaba. Ndiyo sababu damu yenyewe unaichukulia kwenye chupa ya EDTA, inayoizuia kuganda bila heparini. Sasa mtu makini hivyo anasahauje chupa ya kwanza?

Shanga za sumaku unazonasia seli, zenye kingamwili ya CD146, alama iliyo juu ya seli za utando, hunasa pia baadhi ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe. Seli yenye alama ya CD45 ni chembe nyeupe, itoe kwenye hesabu. Chupa ya PAXgene usiitumie kunasa seli, kwa kuwa huzipasua papo hapo ili kuhifadhi RNA, nakala za jeni zinazofanya kazi. Hiyo ni ya damu nzima: mililita 2.5, ipindue mara 8 hadi 10, iache saa 2 kwenye joto la chumba ndipo iende friza.

Unafurahia jeni za NR4A2 na NR4A3 kupanda kwa wagonjwa. Polepole, mwanangu. Jeni hizo huamka upesi seli ikipata msukosuko wowote. Utando ukijeruhiwa kwenye ateri ya moyo zinaweza kupanda, na damu ikikaa mezani zinaweza kupanda vilevile. Ikiwa ya mgonjwa ilisubiri saa nne na ya mzima nusu saa, huwezi kuzilinganisha. Tena seli iliyokwanguliwa na sindano imetoka kwenye vena ya mkono, haina habari yoyote ya moyo. Mimi ndiye niliyekusukuma kwenye kazi hii, siwezi kunyamaza.

Mama yako anameza dawa za presha asubuhi, ila chumvi kwenye sangara hajapunguza. Mpigie wewe, mimi hanisikii. Fundi amemaliza paa la jiko. Dagaa wa soko la Kirumba watapanda basi stendi ya Nyegezi siku ya Ijumaa, nitumie jina la atakayepokea. Na wale wasio na tatizo la moyo uwaite tena uwatoe damu upya kabla hujampelekea msimamizi wako chochote.

Baba yako