Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa pia (ile ya kuchezea)

Asalaam aleikum wanachama wote wa chama chetu cha kusoma hesabu hapa Lamu, wa Mkomani, wa Langoni na nyinyi wa Shela mnaokuja kwa boti. Taarifa ya mwaka ndio hii, nimechelewa mniwie radhi. Ya pesa siyagusi, mweka hazina atasoma mwenyewe. Ukumbi tulioahidiwa tulinyimwa siku mbili kabla ya kikao cha kwanza bila kuelezwa sababu, iliniuma sana, ndio maana mwaka mzima tumesomea barazani baada ya alasiri na sasa wallahi sitaki kuhama.

Mnakumbuka tulivyobishana kuhusu mada. Wengine walisema hii mifumo intigrabo (mienendo inayotatulika mpaka mwisho) na jiometri ya aljebra (maumbo yanayotoka kwenye ikwesheni) ni mambo ya vyuo vikuu, tushike hesabu za watoto wetu wa fomu foo inatosha. Mimi nilishikilia, na sijuti.

Nianze na ile pia. Mtoto wa jirani alituazima pia yake ya mti yenye msumari chini, tukatoboa kishimo kwa ubao ili ncha isitembee, tukaizungusha. Ikainama, inazunguka yenyewe na huku kichwa chake kinachora duara polepole, raha kuitazama. Halafu mmoja wetu akabandika donge la nta ubavuni, basi ikaanza kuyumba ovyo na hakuna aliyeweza kusema itageukia wapi. Mada yetu yote ilikuwa pale ubaoni, yani iko mienendo inayotatulika mpaka mwisho na iko isiyotatulika, na inayotatulika ni michache mno. Wanahisabati wa zamani ndio walioanza, Euler alitatua ya kitu kilichoshikwa penye kitovu chake cha uzito, Lagrange akatatua ya kitu kama pia ya mtoto, uzito uko kwenye mhimili. Ikapita karibu karne nzima mpaka Sofia Kovalevskaya, mwanamke Mrusi aliyekuwa akifundisha Stockholm, akapata ya tatu, na mwaka 1888 Akademia ya Sayansi ya Paris ikampa tuzo ya Bordin na ikaipandisha kutoka faranga 3,000 hadi 5,000 kwa uzito wa kazi yenyewe. Mabinti wa chama walinirudisha kwa stori hii mara tatu.

Alivyofanya ndio kunakonipendeza mimi. Aliuchukua wakati akaufanya namba changamano (namba za kawaida zikichanganywa na kipeuo cha pili cha -1), kisha akauliza, je jawabu litabaki moja kila mahali, likiharibika tu pale linapolipuka kwenda infiniti? Sharti hilo likampa pia ambayo hakuna aliyeijua, na mwendo wake ukakaa juu ya mkunjo wa aljebra, yani mstari uliopinda unaochorwa na ikwesheni, ambao ukiutazama kwa namba changamano ni uso wenye matundu mawili, kama bangili mbili zilizounganishwa. Hebu fikirieni, kitu cha mti kinazunguka hapa, na ramani yake iko kwenye uso ambao jicho halioni.

Mwaka 1968 mwanahisabati Peter Lax akaleta njia ya kuyaandika mambo haya kwa metriksi mbili, yani majedwali ya namba. Metriksi inabadilika kila sekunde lakini aijenivalyu zake, yani zile namba maalumu za metriksi, hazisogei, na baadae watu wakaona ukiziandika hizo aijenivalyu kama ikwesheni unapata mkunjo, na huo mkunjo ndio unaobeba vitu vyote visivyobadilika, mwendo wenyewe unakuwa ni kwenda moja kwa moja juu ya torasi, yani umbo kama tyubu ya baiskeli ila lenye daimensheni nyingi zaidi. Lax aliianza na ikwesheni ya Korteweg na de Vries ya 1895, ile ya mawimbi ya maji ya kina kifupi. Hapo wenzetu manahodha ndio walichangamka, kusikia kwamba mawimbi mawili ya aina hio yakifikiana kila moja linatoka na umbo lake lile lile, kubwa limesogea mbele kidogo na dogo limerudi nyuma.

Kwa Nigel Hitchin, mwanahisabati Muingereza, tulifika tumechoka na nakubali nilikwenda mbio. Mwaka 1987 yeye hakuanza na pia wala wimbi, alianza na mkunjo wenyewe akaweka juu yake bando za Higgs (bando hapa si ya simu, ni kuweka kwenye kila nukta ya mkunjo nafasi ya vekta pamoja na metriksi yake), na mfumo intigrabo ukajitokeza. Mkunjo wa matundu mawili na bando za renki 2, yani za metriksi za mbili kwa mbili, unapata nafasi (mkusanyiko wa bando zote hizo) ya daimensheni 10, vitu 5 visivyobadilika, na mkunjo mpya wenye matundu 5. Mwanahisabati Ngô Bảo Châu aliitumia nafasi ya aina hii kuthibitisha lema ya msingi (lema ni kauli inayosaidia kuthibitisha kubwa zaidi) kwenye programu ya Langlands, ule mpango wa kuunganisha nadharia ya namba na matawi mengine ya hesabu, akapata medali ya Fields 2010, tuzo kubwa ya wanahisabati.

Kwa hivyo naomba mwaka ujao tusichague mada mpya, turudi kwa Hitchin taratibu, na kila kikao mmoja aje na mfano mmoja tu aliouhesabu kwa mkono. Yule kijana aliyehesabu hio 10 na 5 peke yake usiku mzima ndiye ninayempendekeza aanze.

Ile pia bado iko kwangu, nta nimeitoa, mtoto ameshaiulizia mara mbili, kesho nitampelekea.